Birika Lililoyeyushwa

Rafiki yangu, fundi cherehani, mpaka leo hasemezani na kaka yake, ambaye ni sonara. Jioni moja rafiki yangu alipitia karakana ya kaka huyo kuchukua birika la fedha la marehemu mama yao. Babu yao ndiye aliyelifua na kulichonga maua kwa mkono, na kaka alikuwa ameliomba ili alehemu mshikio uliolegea.

"Nimeliyeyusha," kaka alisema bila kuinua macho. "Mteja anataka bangili. Fedha ni fedha, dada."

Dada akapaza sauti. "Mama alitumiminia chai kwa birika hilo tangu hatujaota meno. Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungekataa."

"Kwa hiyo ulijua."

Kaka akamwonyesha kwa kidole bonge la fedha lililopoa mezani, dogo kama kipande cha sabuni. Hapo umeme ukakatika. Karakana ile haina dirisha, na giza likawa zito kiasi kwamba dada hakuona hata mkono wake.

Ndipo ikasikika chai ikimiminwa, taratibu kwanza, kisha kwa sauti inayopanda kadiri kikombe kinavyojaa. Ikakoma, ikaanza tena.

"Acha mchezo wako," dada alisema kwa hasira.

"Si mimi," kaka alijibu, na sauti yake ilitoka mlangoni, mbali na meza.

Umeme ukarudi. Bonge lilikuwa palepale, gumu, halina tundu. Chini yake chai ilikuwa imetapakaa meza nzima, ikidondoka sakafuni, ingali inatoa mvuke.