Mlinzi Aliyejibu Ndiyo

"Wakazi wote wa nyumba za walinzi hapa Nakawa wanatangaziwa kwamba pipa la taka limeondolewa kulia kwa lango na kuwekwa kushoto. Agizo hili linaanza kutumika mara moja."

Msimamizi alisoma tangazo hilo asubuhi, walinzi wakiwa wamepanga mstari. Obita alisimama nyuma. Hakusikia neno. Aliona wenzake wakiitikia, naye akaitikia, "Ndiyo, afande."

Hiyo ilikuwa desturi yake. Obita aliwahi kuwa mpiga mizinga jeshini. Vita vilipokwisha, alirudi na masikio yanayovuma, na usikivu wake ukaendelea kupungua. Kazini aliificha hali hiyo kwa neno ambalo wakubwa hawachoki kulisikia.

Msimamizi aliwapa mgongo na kuendelea. "Bohari limekutwa wazi. Obita, ni wewe ulilala zamu?"

"Ndiyo, afande."

Wenzake waligeuka kumtazama. Ijumaa angepelekwa mbele ya meneja. Mlinzi aliyelala zamu hufukuzwa, na nyumba ya kampuni hurudishwa.

Jioni mkewe, Anena, alimwinamia sikioni na kupiga kelele. "Kwa nini ulikubali? Wewe ulikuwa lango la mbele. Bohari ni la wengine."

"Usinifokee," Obita alisema. "Mimi si kuruta wako."

Anena alipasha moto mafuta ya simsim, yaani ufuta, kama mama yake alivyofanya kijijini. Alikuwa amekwisha kumlaza Obita ubavu, kijiko mkononi, jirani yao alipoingia. Jirani huyo, Nabangala, alitoka Kenya. Alisomea chuo kikuu cha Kyambogo, na sasa anafundisha watoto viziwi.

"Mama Amony, weka chini hayo mafuta," Nabangala alisema. "Yatamchoma. Na kama ngoma ya sikio imetoboka, utamletea usaha."

"Sasa nifanye nini, mwalimu? Nimepiga kelele mpaka koo limekauka."

"Kelele haisaidii. Inavuruga neno, na yeye anaona umekasirika tu. Mlio wa mizinga huua sehemu ndogo sana ndani ya sikio, na zikifa hazirudi. Mpeleke hospitali wampime. Huenda kifaa cha kusikia kitamsaidia. Hapa nyumbani, zima redio kwanza. Mguse bega. Kaa mahali mwanga unakuangukia usoni, useme taratibu, na watu waseme mmoja mmoja. Asipoelewa, tumia maneno mengine."

Obita aliketi. "Mnaniteta?"

"Tumekuteta miaka mingi," Anena alisema. "Leo ndiyo umeuliza."

Nabangala alihamia mbele yake. "Mzee, na wewe una kosa. Ukijibu ndiyo, nani atajua hukusikia?"

"Nikisema sisikii, nani ataniachia lango?"

"Na kwa ndiyo yako hiyo, nani atakuachia nyumba?"

"Nipelekeni hospitali," Obita alisema. Hakujibu ndiyo.

Hospitali walimtoa nta, wakampima. Daktari alisema usikivu uliopotea hautarudi, lakini kifaa kingemfaa, akamwandikisha kwenye foleni ya wanaokingoja.

Ijumaa meneja aliuliza swali huku akipekua makaratasi. Obita aliona midomo ikicheza tu.

"Afande, mimi sisikii vizuri. Naomba unitazame ukiuliza."

Meneja aliinua uso, akarudia taratibu. "Ulilala zamu?"

"Hapana, afande. Nililinda lango la mbele. Bohari halikuwa sehemu yangu."

Msimamizi alikiri kwamba ndivyo zamu ilivyopangwa. Shitaka lilifutwa. Obita alihamishiwa stoo ya viatu na tochi, ambako kila anayehitaji kitu husimama mbele yake na kukitaja.

Nyumbani redio huzimwa wakati wa chakula. Amony, binti yao, humgusa baba yake bega kabla ya kusema naye. Obita akikosa neno, husema, "Rudia." Jambo hilo lilimwia gumu kuliko jeshi. Lakini sasa anajua binti yake anasoma nini, na Anena hana tena koo kavu.

Uongozi wa kampuni nao ulijadili suala hilo na kutoa uamuzi. Kila mlinzi asiyesikia vizuri ataandikishwa ili asaidiwe. Majina yataitwa mara moja tu, kwa kipaza sauti, walinzi wakiwa mstarini. Asiyeitika atahesabiwa kuwa anasikia vizuri.