Tundu la Utosini

"Mkate umetoka tanurini. Narudia, mkate umetoka tanurini."

Hedda Volkening hakuijibu redio. Alikanyaga mafuta.

BMW ya kijivu ikalipita lori la maziwa, ikalipita basi la watalii, ikajipenyeza nyuma ya Sprinter nyeupe ya mizigo iliyokuwa ikikimbilia mpaka wa Uswisi. Ilikuwa asubuhi ya Machi, jua jembamba, barabara kuu ya Basel imefurika magari. Hedda aliacha magari mawili katikati. Anayemfuata mtu humwachia nafasi ajione yuko peke yake.

Mkate ulikuwa kifaa cha kuongozea torpedo, kombora la chini ya maji, na kwa ukubwa kweli kililingana na mkate mweusi wa dukani. Kiliibwa wiki iliyopita katika kiwanda kimoja cha kaskazini. Wanunuzi wake, watu wa serikali ya kigeni, walikuwa wakikingoja ng'ambo ya mpaka. Kikishavuka, manowari za Ujerumani hazina siri tena.

Idara ya ujasusi aliyoitumikia ilinusa kwamba kimefichwa ndani ya Sprinter ile, mgongoni mwa sanamu ya Mtakatifu Barbara iliyokuwa ikipelekwa kwenye maonyesho Uswisi. Sanamu hizi za kale huchimbwa mgongoni ili mti usipasuke, kisha huzibwa kwa ubao. Na Barbara ndiye mlinzi wa wapiga mizinga. Aliyepanga mchezo huu alikuwa na mzaha wake.

Sprinter ilipohama njia, Hedda aliwaona waliokaa mbele. Dereva mwenye shingo nene. Dirishani, Falk Brenneisen, mfanyabiashara wa sanaa mwenye meno meupe kupita kiasi. Katikati yao, amebanwa, mzee aliyevaa skafu nyekundu ya hariri.

Profesa Ansgar Tiedemann.

Moyo wa Hedda uliruka kwa furaha, na haikuwa furaha nzuri.

"Leo umepatikana, baba," alisema peke yake ndani ya gari.

Hedda aliyajua maisha ya mtu huyu kuliko mkewe, Luitgard, alivyoyajua. Mtoto wa mchungaji wa Holstein. Masomo Marburg, ambako yeye na Hedda walikaa benchi moja wakigawana keki ya plamu. Udaktari wa sifa za juu. Kiti cha uprofesa Freiburg kabla hajatimiza miaka arobaini. Nishani ya taifa. Kipindi cha televisheni cha Jumapili, ambamo alitembea makanisani na skafu ile ile akiongea na watakatifu wa mbao utadhani ni shemeji zake. Mwezi ujao angestaafu, na wenzake walikuwa wamemwandalia kitabu kizima cha kumsifu.

Kila alipotunukiwa, Hedda alinunua gazeti, akalisoma hadi nukta ya mwisho, kisha akalitumia kufungia maganda ya viazi. Kila makala ya Ansgar aliisoma. Kila kitabu. Watu husoma kwa mapenzi. Hedda alisoma kwa kijiba cha roho.

Na alikuwa na sababu.

Walipokuwa wanafunzi, walikwenda kanisa la kijiji cha Hagelbach kutazama sanamu hii hii ya Barbara. Hedda ndiye aliyepanda ngazi. Ndiye aliyelinyanyua taji, akapapasa utosi wa mtakatifu, na kidole chake kikazama. Palikuwa na tundu lililozibwa kwa kipande cha mti. Akaelewa pale pale, juu ya ngazi. Mchongaji wa kale alililaza gogo, akalibana kichwani na miguuni kwa vyuma, akawa analigeuza huku akichonga. Kila karakana ilikuwa na chuma chake, na kila chuma kiliacha tundu lake. Ukilisoma tundu, umemjua fundi aliyekufa miaka mia tano iliyopita.

Alishuka akamwambia Ansgar. Nani mwingine wa kumwambia?

Kitabu kilipotoka, kiliandikwa na Ansgar. "Siku ile nilipanda ngazi," kilianza. Dunia nzima ya wasomi ikapiga makofi. Hedda aliiacha sanaa, akaingia Idarani, akajifunza kupiga risasi.

Kilichomchoma hasa ni ngazi. Ansgar alikuwa mwoga wa kupanda juu. Akipanda kiti kubadilisha taa, hushika ukuta.

Simu ikalia. Alikuwa mkuu wake, Kniepkamp.

"Uko wapi?"

"Nyuma yao."

"Sikiliza. Ile sanamu ni mali ya taifa, na safari yake imetiwa saini na mawaziri wa nchi mbili. Usiiguse bila uhakika. Ukibandua rangi yake halafu ndani mkawa mtupu, mimi na wewe tutauza soseji stesheni."

"Na Profesa?"

"Barua ya kukataza sanamu isifunguliwe ni yake. Bila shaka yumo. Mbona unauliza kwa sauti tamu hivyo?"

Hedda alikata simu. Akatoka kwa njia ya pembeni, akaongeza mwendo na kuwatangulia.

Walipoingia katika banda la ukaguzi la forodha, afisa mwanamke mwenye mvi alikuwa akiwangoja, koti la sare limefungwa hadi shingoni. Chini ya koti, bastola ya Walther P99. Sikioni, kifaa cha mawasiliano kidogo kuliko punje ya harage. Ng'ambo ya kizuizi, upande wa Uswisi, Audi nyeusi ilikuwa imeegeshwa, injini inawaka.

Sanduku likashushwa, kifuniko kikaondolewa. Barbara akaonekana, taji kichwani, mnara wake mdogo mkononi, mashavu ya waridi. Mzuri. Hedda alihisi kidole chake kikikumbuka.

"Tuna haraka kidogo, mama," alisema Brenneisen. Alisimama karibu mno na Profesa, mkono wake wa kulia umezama mfukoni mwa koti.

"Haraka ni ya kwenu. Ya kwangu ni mihuri," alisema Hedda.

Ansgar aliinua uso. Akamtambua. Rangi ikamtoka, kisha ikarudi. Hakutaja jina.

Hedda alimtazama. Amezeeka vizuri, mshenzi huyu. Hata katika wizi amevaa hariri. Alimuuliza kwa sauti ya ofisi:

"Profesa, unathibitisha kwamba hii ndiyo Barbara wa Hagelbach mwenyewe?"

"Nathibitisha," alisema Ansgar. Sauti ilikuwa ya kipindi cha Jumapili, ila ilikuwa na ufa. "Nimeikagua mwenyewe, toka unyayo hadi chini ya taji. Utosi wake mzima kabisa. Hauna hata tundu."

Brenneisen akachanua meno. "Umesikia, mama? Profesa mzima anakwambia haina hata tundu. Gonga muhuri twende."

Hedda hakupepesa jicho.

"Yeyote aliyewahi kupanda ngazi ile ya Hagelbach," aliendelea Ansgar polepole, akimtazama yeye tu, "angekwambia hivyo hivyo."

Kwa Brenneisen, asiyewahi kukifungua kitabu kile, hayo yalikuwa majigambo ya mzee. Kwa mfanyabiashara, kitu kizima ni kitu kizuri, na asiye na tundu ni bora kuliko mwenye tundu. Kwake yeye dosari ilikuwa hasara tu.

Hedda alichukua karatasi zao. Akasema wino wa muhuri umekauka, wangoje. Akaingia ofisini, akaufunga mlango.

Barbara wa Hagelbach ana tundu. Huyu hana. Basi huyu ni nakala, amechongwa kwa kufuata picha, na picha haionyeshi kilicho chini ya taji. Ansgar alikuwa anasema uongo mbele ya mtu mwenye bastola mfukoni, na uongo huo alikuwa amemtungia mtu mmoja tu duniani.

Au anamtega.

Wivu ulimnong'oneza upesi, maana wivu haukosi la kusema. Ukimvunja Barbara wa kweli mbele ya watu, ulisema, wewe ndiye utakayeaibika, yeye atakuombolezea kwenye televisheni. Ameshakuibia mara moja. Mtie pingu, umalize. Si ndiyo ndoto yako ya miaka yote?

Ndiyo ilikuwa ndoto yake. Hakujidanganya.

Lakini alikuwa amesoma kila neno lililotoka kwenye kalamu ya mtu yule, akitafuta kosa kwa uchu wa paka mlangoni pa jikoni, na katika maneno yote hayo Ansgar hakuwahi kusema uongo kuhusu tundu. Aliiba, naam. Alijigamba. Ila matundu aliyaheshimu. Na kama analazimishwa kusema kwa mafumbo, basi kuna mtu wake aliyeshikwa.

Aliminya kifaa cha sikioni. "Ruppert."

Ruppert Oelze, mwenzake wa siku nyingi, alikuwa amejibanza nje ya nyumba ya Profesa mjini Freiburg akingoja amri ya kuipekua. Alijibu huku anatafuna.

"Nipo."

"Kuna gari la nani mlangoni?"

"La fundi bomba. Nililikuta hapa asubuhi. Nilidhani choo kimeziba."

"Choo hakijaziba. Bibi Luitgard ameshikwa. Ingia."

Kishindo cha mlango. Kitu cha kauri kikavunjika. Hedda alisimama akiutazama muhuri wa forodha mezani, ambao wino wake ulikuwa mbichi kabisa.

"Bibi yuko salama," alisema Ruppert akihema. "Fundi kalala sakafuni. Bibi ndiye aliyempiga na bakuli la supu, mimi nilimalizia tu."

Hedda alitoka. Hakubeba muhuri. Alikuwa amelichukua shoka la zimamoto ukutani.

"We mama, vipi?" aliuliza Brenneisen.

Maafisa wa forodha wakaganda. Mmoja, mzee mwenye msalaba shingoni, alisema kwa unyonge kwamba ile ni mali ya taifa. Hedda alijua. Akikosea, jina lake litakumbukwa kwa jambo hili moja.

Akamtazama Ansgar. Profesa alifumba macho, akatikisa kichwa kidogo sana, kukubali.

Hedda aligeuza shoka, akapiga kwa upande wake butu.

Taji likaruka, likabiringika sakafuni. Utosi wa Barbara ukabaki wazi chini ya taa.

Mzima. Laini. Hauna hata tundu.

Brenneisen alichomoa bastola. Alikuwa mwepesi, ila alianza na kutazama lile taji, na kutazama huko kulimgharimu. Walther ililia mara moja. Bastola yake ikaanguka, naye akapiga magoti ameshika kiganja, akilia kama mtu aliyebanwa na mlango. Dereva alikimbilia Sprinter. Hedda alipiga tairi la mbele, kisha la nyuma, kisha akamuuliza kama anataka risasi zihamie kwenye magoti yake. Dereva akalala kifudifudi bila kuombwa tena.

Ng'ambo, Audi nyeusi iligeuza na kuondoka taratibu, kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani. Haikufika mbali. Polisi wa Uswisi nao walikuwa wameamka mapema.

Ubao wa mgongoni ulitoka kwa pigo la pili. Ndani, katika sponji, mkate ulikuwa umelala, mweusi, baridi, mzima. Barbara wa kweli alikutwa baadaye mchana huo katika stoo ya Brenneisen, amefunikwa blanketi la farasi.

Maafisa walipokuwa wakiwafunga pingu wale wawili, Ansgar alimfuata Hedda hadi kwenye BMW. Skafu ilikuwa imemlegea. Hedda alimwambia kwanza kwamba mkewe ni mzima. Ansgar aliegemea gari, akalia bila aibu, akasema walimshika Luitgard jana, na barua ile aliiandika akiwa ameelekezewa bastola.

Kisha akasema lililokuwa limemleta.

"Hedda. Ngazi ile sikupanda mimi."

"Najua. Nilikuwa juu yake."

"Nilianza kwa sentensi moja tu, halafu ikanoga. Kila mwaka nikasema mwakani nitairekebisha." Alijifuta uso. "Waandishi wako njiani. Nitawaambia leo. Tundu ni lako, na lilikuwa lako toka mwanzo. Nitakutaja jina mbele ya kamera zote."

Hedda alianza kufungua vifungo vya koti la sare. Alikuwa amelingoja neno hili muda wote huo. Alikuwa amelisikia ndotoni, kwenye kuoga, kwenye foleni ya mkate. Sasa limefika, limechelewa, nalo halina pa kutua.

"Huwezi," alisema.

"Kwa nini nisiweze?"

"Mimi sina jina, Ansgar. Sikuwapo hapa. Ukinitaja, kesho nitakuwa maiti, au mbaya zaidi, nitakuwa karani wa kumbukumbu." Alivua koti la sare, akalitupa kiti cha nyuma. "Waambie uliitambua nakala kwa tundu lako maarufu. Waambie ulipanda ngazi."

"Hapana. Hilo siwezi tena."

"Utaweza. Una mazoezi."

Magari ya televisheni yalikuwa yakikata kona. Ansgar aligeuka kuyatazama, akakaza skafu bila kujijua. Hedda aliuona mkono ule ukikaza, na wivu ukamuuma upya, pale pale pa zamani. Mshenzi huyu atakuwa shujaa tena usiku wa leo, na safari hii ni yeye Hedda aliyempandisha.

Alivaa miwani ya jua, akaingia garini na kuondoka polepole, akiwapisha wenye kamera. Mmoja alimpungia mkono kumshukuru.

Redio ikakoroma. Alikuwa Ruppert.

"Kniepkamp anataka ripoti. Aliyeitambua nakala nimwandike nani?"

Hedda alibadilisha gia.

"Mwandike Profesa Tiedemann."

"Sawa."

"Ruppert."

"Naam."

"Ongeza mstari mmoja. Anaogopa ngazi."