Njuga za Sithabile

"Khanyi, pitia kwa MaNkala uchukue njuga za mdogo wako. Na usifungue gunia njiani."

Ndivyo alivyoniambia Tshuma, kiongozi wa kundi letu la ngoma, Alhamisi tulipomaliza mazoezi. Aliyasema akiwa amenipa mgongo, anakunja mavazi ya ngozi. Jua lilikuwa limeanza kushuka kuelekea minara ya kituo cha umeme, na Makokoba nzima ilinukia moshi na mahindi ya kuchoma.

Wiki ile Bulawayo haikuwa na habari nyingine ila tamasha. Kila ukuta ulikuwa na bango. Ijumaa, kwaya. Jumapili, bendi za jazi kwenye bustani ya bia. Jumamosi, ngoma za asili, na kundi la kufunga jukwaa lilikuwa letu, Amathonsi. Redio ilitutaja asubuhi na jioni, na kila ilipotutaja ilimtaja na mdogo wangu, Nobukhosi, mchezaji wa mbele.

Mwaka uliopita jina lililotajwa lilikuwa jingine.

Sithabile.

Huyo Sithabile alicheza amabhiza, ngoma ya kuruka kama farasi, mpaka watu wakapanda juu ya viti. Asubuhi yake hakuinuka kitandani. Miguu ipo, haina jeraha, haina uvimbe, ila haimsikii mwenyewe. Hospitali walipima damu, wakapiga picha, wakamrudisha nyumbani na kiti cha magurudumu. Mtaani hawakupima kitu. Walisema tu kwamba Tshuma ameiuza miguu ya mtoto wa watu ili ukumbi ujae.

Mimi ni mpiga ngoma wa kundi hilo. Na Nobukhosi nimemlea mimi; mama alipofariki, mtoto alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Kwa hiyo tangu awekwe mbele nilikuwa namchunguza Tshuma. Namtazama mikono. Anampa nini mdogo wangu anywe? Kwa nini anamshika bega kila anapotoka? Na sasa, kwa nini gunia lisifunguliwe?

Nilikwenda.

MaNkala ndiye aliyekuwa akitengeneza njuga za makundi yote ya upande ule. Alikaa pembezoni kabisa mwa Pumula, mahali ambapo nyumba za mji zinakoma na vichaka vinaanza. Alizishona kwa vifuko vikavu vya viwavi wa nondo wa porini, ndani akitia changarawe, safu kwa safu, mpaka zikufunike mguu kutoka kifundoni hadi chini ya goti.

Nilipofika langoni nilizisikia.

Cha-cha. Cha-cha-cha. Cha-cha.

Kuna mtu alikuwa anacheza kwenye kijumba cha udongo nyuma ya nyumba. Bila ngoma. Bila wimbo. Njuga peke yake.

Nikatabasamu. Nikadhani ni mtu anazijaribu. Halafu ile miguu ikafika mahali pa kugeuka... na ikachelewa. Mguu wa kushoto ukaburuta kidogo, ndipo ukatua.

Tabasamu likaniganda usoni.

Mchezaji mmoja tu niliyewahi kumpigia ngoma alikuwa akigeuka hivyo. Ilibidi mikono yangu ijifunze kumsubiri.

MaNkala alitokea pembeni ya nyumba, kimya, kama vile alikuwa ananitazama muda wote. Mwanamke mwembamba, ugoro puani, mikono inanuka ngozi mbichi.

"Umekuja mapema, MaMoyo," alisema kwa sauti ya chini, akiniita kwa jina la ukoo.

"Nani anacheza, mama?"

"Hakuna anayecheza."

"Nasikia njuga."

"Basi subiri zinyamaze."

Zikanyamaza. Alisukuma mlango wa kijumba, nami nikachungulia juu ya bega lake kabla hajanizuia.

Hamkuwa na mtu. Hamkuwa na dirisha wala mlango wa pili. Sakafu ilikuwa imepakwa samadi jioni ile, bado mbichi, na katikati yake zililala njuga jozi moja. Kuzizunguka kulikuwa na nyayo. Nyayo za miguu mitupu, nyingi, za mtu aliyecheza kwa nguvu.

Hakukuwa na nyayo za kuingia.

Hakukuwa na nyayo za kutoka.

"Hizi zilikuwa za Sithabile," nilisema.

MaNkala alizitia kwenye gunia, akafunga kamba, akanikabidhi. "Njuga ni za anayezivaa. Nenda, giza lisikukute."

Gunia lilikuwa na joto. Si joto la jua. Joto la kitu kilichotoka mwilini.

Nilitembea haraka. Nikiharakisha, zinalia. Nikipunguza mwendo, zinapunguza. Sawa, ndivyo njuga zilivyo. Lakini nilipofika barabara ya lami nikasimama kabisa kupisha baiskeli.

Cha.

Moja tu. Baada ya mimi kusimama.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa Sithabile. Nilitaka kumwona kwa macho yangu, niseme moyoni mwangu kwamba mimi ni mjinga na mambo yaishe. Nilimkuta kibarazani kwenye kiti chake, blanketi magotini, mama yake akiwa jikoni. Kabla sijamwamkia, akanong'ona:

"Umezileta."

Hakuwa anauliza.

"Umejuaje?"

Akavuta blanketi juu kidogo. Taa ya kibarazani ilikuwa hafifu, lakini niliona vizuri. Nyayo zake, nyayo za mtu ambaye hajakanyaga chini mwaka mzima, zilikuwa zimejaa samadi mbichi. Mpaka katikati ya vidole.

Harufu ikanifikia. Nikashika nguzo ya kibaraza.

"Kila jua likizama zinaondoka," alisema. "Nasikia zinavyoondoka, Khanyi. Kama mtu anakuvua soksi. Zikirudi zimechoka, na mimi sijaenda popote."

"Ni Tshuma?"

Alicheka bila sauti. "Tshuma! Tshuma anajua kukunja ngozi tu."

"Basi ni nani?"

"Usiku ule wa onyesho, nani alinifunga njuga nyuma ya pazia?"

Nilijua jibu. Kazi ya kuwafunga njuga wakubwa ilikuwa ya wachezaji wadogo. Na mchezaji mdogo aliyemhudumia Sithabile nyuma ya pazia, aliyempigia magoti na kumfunga kamba, alikuwa Nobukhosi.

"Unasema nini, Sithabile?"

"Sisemi kitu. Niachie hizo. Ni zangu."

Nikamwachia. Nilijiambia kwamba zisipomgusa mdogo wangu, basi. Nitamwazimia njuga nyingine kwa kundi lolote.

Nyumbani, Nobukhosi alikuwa anapiga pasi shati lake, anaimba. Nilimweleza kila kitu. Aliacha kuimba. Pasi ikabaki mahali pamoja mpaka nguo ikaanza kunuka.

"Umempa yeye?" alisema. "Dada... umempa *yeye*?"

"Kuna ubaya gani? Si zake?"

"Ungempa mtu yeyote. Ungezitupa mtoni. Mtu yeyote, dada, isipokuwa yeye!"

"Kwa nini?"

Akaisimamisha pasi kando ya shati lililoungua.

"Nobukhosi. Usiku ule ulifanya nini?"

"Nilizifunga. Kazi yangu ilikuwa kufunga."

"Ulizifunga pamoja na nini?"

Akanitazama. Nimemlea, nayajua macho yake ya uongo na ya kweli tangu utotoni. Yale sikuyajua.

"Na wewe unaniuliza hivyo?" alisema polepole. "Wewe?" Akachomoa pasi ukutani, akaingia chumbani, na kwa mara ya kwanza tangu tuishi pamoja, akageuza ufunguo.

Ijumaa nilimwomba asicheze. Akasema, "Kumbe na wewe una wivu." Nilimwomba Tshuma ambadilishe. Akanikodolea macho. "Redio nzima inamtaja, nimweke nani, mimi?" Nikamuuliza kwa nini alinikataza kufungua gunia. Akasema vile vifuko ni vyepesi kupasuka. Basi. Sikumwamini. Lakini siku zile sikumwamini mtu yeyote.

Jumamosi ukumbi ulifurika kabla jua halijagusa mabati. Watu walikaa madirishani. Kundi letu lilipoitwa, vigelegele vilinitetemesha mpaka kwenye meno. Nobukhosi alitoka akiwa amevaa njuga nilizomwazimia, njuga za kawaida kabisa, na mimi mwenyewe ndiye niliyezifunga. Nilikagua kila kifuko.

Nikapiga.

Akacheza. Akacheza kama yeye. Mwepesi, kifua mbele, anatabasamu. Nikaanza kupumua. Nikajisemea, tazama, ni mtoto wako tu anacheza.

Madirishani mwanga ukawa mwekundu. Jua lilikuwa linazama.

Nobukhosi akafika mahali pa kugeuka.

Mguu wa kushoto ukaburuta.

Mikono yangu ikamsubiri. Sikuiambia. Ilisubiri yenyewe, kama zamani.

Nikamtazama usoni. Tabasamu lilikuwa bado lipo, lakini macho yalikuwa yananiita. Midomo ikasema bila sauti: *Dada.*

Nikasimamisha ngoma.

Ukumbi ukapigwa na butwaa. Mtu akazomea. Tshuma akanifokea kutoka kwenye pazia, "Piga! Khanyi, piga!" Sikupiga.

Lakini miguu ya Nobukhosi haikusimama.

Ilicheza kwenye ule ukimya. Kiwiliwili kinainama nyuma, mikono inatafuta pa kushika, na miguu inacheza. Ndipo nikasikia vizuri. Njuga hazikuwa zinalia jukwaani peke yake. Zilikuwa zinalia mahali pawili. Pamoja. Pigo kwa pigo.

Za pili zilitoka nyuma ya ukumbi, karibu na mlango.

Niliruka chini kutoka jukwaani nikapasua katikati ya watu. Nilimkuta Sithabile kwenye kiti chake, macho amefumba, jasho linamtiririka. Nikalivuta blanketi.

Alikuwa amezivaa. Miguu yake ilikuwa imetulia kama magogo. Haitikisiki hata ukucha. Na juu ya ile miguu isiyotikisika, njuga zilikuwa zinalia kwa nguvu hadi changarawe inatoka.

"Sithabile, mwache!"

Hakufumbua macho. "Kidogo tu, Khanyi. Nimalizie tu. Alinikatiza katikati."

Nikapiga magoti. Fundo lilikuwa gumu, limelowa, na kwenye kamba kulikuwa kumesokotwa nywele. Sijui za nani. Nilivuta kwa kucha, kwa meno. Likakatika.

Jukwaani, kishindo.

Nobukhosi alikuwa ameanguka.

Na juu yangu, mikono miwili ikanishika mabega, mizito, ikajiinua. Nikainua uso. Sithabile alikuwa amesimama. Anatetemeka kama ndama aliyezaliwa sasa hivi, lakini amesimama kwa miguu yake, watu wote wanamwona.

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Walidhani ni sehemu ya onyesho! Mpaka leo wapo wanaosema hawajaona mchezo mzuri kama ule.

Asubuhi yake, kabla hata sijanawa uso, niliketi kitandani kwa mdogo wangu nikamfinya kidole cha mguu.

"Unasikia?"

"Nasikia."

Nililia. Alinywa chai, akatembea hadi mlangoni na kurudi. Anatembea mpaka sasa. Ila hachezi tena, na hataki kusimuliwa habari ya jukwaa lolote.

Nilirudi kwa MaNkala peupe, mchana wa jua kali, nikamkuta anatoboa vifuko vyake. Nikamwambia nataka ukweli.

"Mimi nashona njuga tu," alisema. "Wanaokuja kuomba ni ninyi."

"Nani alikuja kuomba?"

"Walikuja wasichana wawili, mwaka jana. Kila mmoja kwa siku yake, kila mmoja akifikiri ni yeye peke yake. Walitaka kitu kimoja, nafasi ya mbele." Akapuliza vumbi kwenye sindano. "Na wa tatu alikuja mwaka huu."

"Wa tatu ni nani?"

Alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayeshangaa kuulizwa swali lile na mimi, kati ya watu wote. Mpaka leo silali vizuri nikiukumbuka ule mtazamo.

Baada ya majuma machache Sithabile alikuja kwetu. Alikuja kwa miguu, amevaa viatu vyekundu vipya. Hakuingia ndani. Walisimama langoni yeye na Nobukhosi, vichwa vimekaribiana, wananong'ona. Nilikuwa dirishani. Wakati mmoja wote wawili waligeuka wakatazama upande wangu. Halafu wakacheka.

Nobukhosi aliporudi nilimuuliza alichotaka mwenzake.

"Kuniomba msamaha."

"Wa nini?"

"Hakusema."

Sikuuliza tena. Tunaishi nyumba moja, na jioni mmoja wetu hupika isitshwala, ugali wetu, mwingine hupika mboga, tunaweka katikati ya meza na kuketi kama zamani. Mimi sianzi kula mpaka nimwone yeye ametia tonge mdomoni na kulimeza.

Juzi ndiyo nimegundua kwamba naye ananisubiri mimi nimeze kwanza.

Tuliketi hivyo, mikono tumenawa, mpaka chakula kikapoa.