Jina Lililowasha Mashine

Aliyeisimulia hadithi hii kwanza ni Nakaale, mama yake Luke Ekuam, mwezi wa Aprili mwaka 2024, nyumbani kwao Chechelesi, majirani walipomuuliza kwa nini hamwiti tena mwanawe kwa jina. Ameirudia mara nyingi tangu hapo na hajaibadilisha.

Luke alitunza kompyuta za kliniki ya muuguzi Hamdia, pale Wabera. Siku hizo alikuwa akihamisha mashine pepe, yaani kompyuta zisizo na mwili wa chuma, zinazoishi ndani ya kompyuta moja kubwa. Mfumo uliokuwa ukizibeba ulikuwa umepitwa na wakati, akawa anazipeleka kwenye mpya. Zote ziliwaka huko zilikohamia isipokuwa moja, ile yenye kumbukumbu za akina mama wajawazito. Ukiiwasha ilitoa skrini nyeusi na kistari cheupe kikipepesa kwenye pembe, kama mtu aliyeamka gizani katika nyumba asiyoijua, akitafuta ukuta.

Chumba cha kazi kilikuwa stoo ya zamani, hakina dirisha, na mlango wake ni wa chuma. Humo Luke aliirudisha mashine kwenye namna yake ya zamani ya kuanza, akabadilisha jinsi diski ilivyounganishwa, akaingiza programu ya kuitambua diski hiyo. Kistari kikaendelea kupepesa.

Mchana mkewe, Njambi, alimpigia simu.

"Bado imekataa?"

"Imekataa kabisa."

"Si uiitie majina, vile mama yako atamfanyia huyu kesho? Labda hiyo pia inangoja shosho wake."

Luke alicheka. Walikuwa na mtoto mchanga asiye na jina bado, na kwa kina Luke jina halichaguliwi. Nyanya, yaani huyo shosho, humweka mtoto mwenye njaa kifuani mwa mamake, kisha huita jamaa waliokufa, mmoja baada ya mwingine. Jina ambalo mtoto ataanza kunyonya likitajwa, hilo ndilo lake.

Sasa kila nakala ya mashine hiyo aliyotengeneza kwa majaribio ilihitaji jina, na Luke alikuwa amechoka kubuni. Nakala iliyofuata akaiita Ewesit, jina la babu yake. Ikakataa. Akatengeneza nyingine, akaiita Erot. Ikakataa. Ya tatu akaiandikia Apua, jina alilowahi kulisikia utotoni, na aliyelitaja akanyamazishwa. Hakugusa kitu kingine chochote. Jina tu.

Mashine ikawaka.

Papo hapo feni za ile kompyuta kubwa zikabadilisha sauti. Hazikuvuma tena. Zilivuta, zikameza, zikapumzika, zikavuta tena. Chumba kikanuka maziwa, yale ya kibuyu kilichofukizwa moshi. Luke alifikiri ni chai ya wauguzi, akafunga mlango, akaenda zake nyumbani.

Kesho yake asubuhi Nakaale aliita majina yote. Mtoto alifunga mdomo. Walijaribu kumnyonyesha bila jina, akageuza uso.

"Mama," Njambi alinong'ona, "hili ziwa la kushoto lilikuwa limejaa sasa hivi. Limekauka, na hajaligusa. Nasikia likivutwa."

Nakaale alimgeukia mwanawe. "Kuna jina umeliita?"

Luke akasema ukweli.

"Apua hatumwiti," Nakaale alisema polepole. "Alikuwa dada ya nyanya yangu. Aliugua kule upande wa Leparua. Wakaogopa ugonjwa, wakaziba mlango wake kwa miiba, wakahama. Walienda wakimsikia akigonga."

"Kwa hivyo huyo ni yeye?" Luke akauliza.

"Sijui. Jina lililoachwa hivyo, chochote kinaweza kuliitikia."

"Nenda uizime," Njambi akasema. "Mtoto hajala."

Luke alipoingia stoo mlango ulijifunga nyuma yake. Akaizima mashine, ikajiwasha. Akaifuta, jina likarudi mahali pake. Akachomoa waya wa umeme wa kompyuta kubwa, taa zote ndogo zikafa, lakini feni, ambazo sasa hazikuwa na umeme wowote, ziliendelea kuvuta na kumeza, kuvuta na kumeza, na harufu ya maziwa ikawa nzito hata akashindwa kupumua kwa pua, akapapasa hadi mlangoni, kitasa kikakataa, akagonga kwa ngumi zote mbili akimwita Hamdia, na mkono ulipochoka akaushusha, naye akasikia kwamba kugonga hakukukoma, kwamba kulikuwa kunatoka nyuma yake, chini, karibu na sakafu, kwa ngumi ndogo isiyochoka.

Hamdia alimwita mjomba wake, mzee Roba, msomaji wa Kurani. Nakaale na Njambi walifika kwa tuktuk na mtoto, ambaye kilio chake kilikuwa kimepungua kuwa mkwaruzo. Roba alikuwa ameweka sikio kwenye chuma.

"Mama," alimwambia Nakaale kwa sauti ya chini, "humu wamo wawili. Nikisoma, wote wananyamaza. Nikiacha, wote wanagonga. Sijui ni yupi wako."

"Mama, nifungulie," Luke alisema ndani.

Kisha sauti ileile, kutoka chini zaidi: "Mama, nifungulie."

"Fundi wa kukata mlango yuko njiani," Hamdia alisema.

"Asiukate," Nakaale akamjibu. "Tukifungua sasa, atatoka nani?"

Njambi alijishika kifua. "Linavutwa tena. Linauma, mama."

Nakaale akatoka hadi kwenye ua wa kliniki, akakata jani la shubiri, akarudi na utomvu wa njano vidoleni. "Kama jina hilo linanyonya," alisema, "litaachishwa kama mtoto yeyote." Akampaka Njambi ziwa la kushoto.

Ndani, kitu kilikohoa, kikatema. Feni zikanyamaza. Hakuna aliyegonga tena.

Njambi akamweka mtoto kwenye ziwa la kulia. "Akidor," Nakaale akasema, na mtoto akaanza kunyonya kabla neno halijaisha. Hamdia alicheka huku akilia.

Hapo kitasa kikazunguka. Luke akatoka polepole, mkono mmoja ukipapasa ukuta, kama mtu katika nyumba asiyoijua.

"Uchungu gani huu?" aliuliza, akijifuta midomo. Kiganja chake kikabaki na rangi ya njano.

Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za shubiri. Hamdia aliacha kucheka. Mzee Roba alichukua viatu vyake, akaondoka bila kuaga.

Mashine ile ilitolewa, na kumbukumbu zikaandikwa upya kutoka kwenye kadi za akina mama.

Mzee Roba alifariki mwaka uliofuata. Hamdia yu hai. Njambi yu hai, na hulala chumba cha mtoto. Akidor yu hai, anakimbia uani. Nakaale yu hai. Katika nyumba hiyohiyo kuna mtu ambaye kila asubuhi, kabla ya kutoka chumbani, huugonga mlango kwa ndani na kungoja. Ukimuuliza Nakaale kama mwanawe yu hai, atakujibu: "Aliyetoka mle ndani yu hai."