Liwa ya Mama na Jua la Dirishani

Kila alipotoka shuleni, Kazija alisuuza jiwe la kusagia, akasaga liwa, ule mti wa manukato, kwa maji ya marashi na kumpelekea mama yake chumbani. Majirani wa mtaa wa Michenzani walidhani mama huyo, Bi Nadra, anajipamba. Kumbe liwa ile ilipakwa juu ya uvimbe ulioota kwenye titi lake.

"Usimwambie mtu," mama alimwonya. "Nkivuliwa nguo mbele ya madaktari, uso wangu n'tauweka wapi?"

Kazija akaahidi kunyamaza, na uvimbe ukazidi kukua. Yeye mtoto, angefanya nini?

Siku moja Mwalimu Talib alieleza darasani kuwa wataalamu wanajaribu jeli inayodungwa kwenye uvimbe wa saratani. Jeli hukaa palepale na dawa yake ndani. Ikimulikwa kwa mwanga maalumu, dawa hutoka na kushambulia uvimbe. Alasiri ile Kazija alimketisha mama yake dirishani, akampaka liwa nzito na kufungua pazia jua liingie.

"Dawa inatoka, mama?"

"Inawasha tu, mwanangu," Bi Nadra alijibu, akageuka kuficha machozi.

Wakaendelea hivyo kila alasiri, mpaka Kazija alipoona damu kwenye kanga ya mama. Kesho yake alimfuata mwalimu.

"Shikamoo, mwalimu. Ile jeli inapatikana wapi?"

"Marahaba. Bado inajaribiwa maabara, Kazija. Kwani nani anaumwa?"

Alikuwa ameahidi kunyamaza, lakini hofu ilimshinda. Alisema yote huku akilia.

Mke wa mwalimu, Bi Hamda, ni muuguzi. Alipofika nyumbani kwa kina Kazija, Bi Nadra alimkodolea binti yake macho.

"Umenivua nguo, Kazija!"

Bi Hamda hakujibizana naye. Alikaa, akambembeleza, na hakuondoka mpaka wakaenda pamoja hospitali. Huko Bi Nadra alipimwa na daktari mwanamke, nyuma ya pazia. Majibu yalipotoka, ilikuwa saratani.

"Mngekuja mapema ingekuwa rahisi zaidi," daktari alisema. "Siwezi kukuahidi kupona, Bi Nadra, lakini upasuaji upo na dawa zipo."

"Nilivunja ahadi," Kazija alinong'ona.

Bi Hamda alimwambia, "Siri inayomdhuru mtu haifai kutunzwa, mwanangu. Ukiona uvimbe, mwambie mapema mtu mzima unayemwamini. Ile jeli bado inajaribiwa. Wewe umemfikisha mama kwenye matibabu yaliyopo."

Siku ya upasuaji Kazija alikuja na kikombe cha liwa. Hakujua kitu kingine cha kumfanyia mama yake. Bi Nadra alikitazama, akakiweka chini.

"Liwa iache, mwanangu," alisema. "Nshike mkono."

Kazija aliushika mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, pale alipoambiwa auachie.