Jaribio Lililorukwa

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, wanachama wa klabu ya kompyuta walikimbilia chumba kilichokuwa nyuma ya ofisi ya walimu. Aliyechelewa alipata kiti chenye mguu mbovu, na kiti hicho kilikuwa na tabia ya kumwangusha mtu mbele ya wenzake. Chiriku hakuwahi kukikalia. Mdomo wake ulikuwa mwepesi, ndiyo maana wakampa jina la ndege huyo, na miguu yake ilikuwa myepesi vilevile. Kiti kibovu kilikuwa cha Kobe, mvulana aliyefanya kila kitu taratibu, hata kupiga chafya.

"Shikamoo, babu," Chiriku alimwambia siku moja Kobe alipoingia wa mwisho. "Safari ilikuwaje?"

"Marahaba, mjukuu," Kobe akajibu bila kumtazama. "Nimefuata kelele zako nisipotee."

Hawakupendana wale wawili, na mwalimu wa kompyuta akawafunga nira moja kwa makusudi. Aliwapa kazi ya kuandaa programu ya kuazimisha vitabu vya maktaba. Ilikuwa programu huria: msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha, uliwekwa wazi kwenye mtandao, mtu yeyote aweze kuuchukua, kuurekebisha, na kuwarudishia wenzake marekebisho yake. Ilifanya kazi kwa njia mbili, ndani ya kivinjari kinachofungua kurasa za mtandao, au ikiwa imesakinishwa, yaani kuwekwa ndani ya kompyuta yenyewe. Maktaba haikuwa na mtandao, kwa hiyo ilihitaji ile ya kusakinishwa.

Mwalimu alikuwa na sheria moja: majaribio kwanza, ujenzi baadaye. Programu ilikuja na majaribio yake. Ukiyaendesha, inajiuliza maswali yenyewe. Kitabu kikiazimwa, jina la mwazimaji linaandikwa? Kikirudishwa, linaondolewa? Jibu likiwa sahihi, linatokea neno la kijani. Likiwa na kosa, jekundu. Kukiwa na jekundu hata moja, hairuhusiwi kuujenga msimbo kuwa kifurushi cha kusakinisha.

Yote yakawa kijani, isipokuwa swali moja: programu ikifungwa na kufunguliwa tena, kumbukumbu zinabaki?

"Tutafute sababu," alisema Kobe.

"Tafuta wewe. Mkutubi anaisubiri programu, hasubiri sababu." Chiriku akaifungua ndani ya kivinjari, akaandika kitabu kimoja, akafunga, akafungua. "Si hiki hapa? Jaribio lenyewe ndilo bovu."

"Hicho ni kivinjari. Yeye hatatumia kivinjari."

"Kobe, nenda kanywe maji."

Kobe akaenda kweli, kwa hasira. Alipotoka, Chiriku aliongeza juu ya jaribio lile amri ya kulifanya lirukwe. Jekundu likatoweka. Akajenga kifurushi, akakipeleka maktaba, akakisakinisha.

"Lile jekundu?" Kobe aliuliza aliporudi.

"Limepona."

"Nani amelitibu?"

"Mimi. Au ulitaka nikungoje mpaka uote ndevu?"

Mkutubi, mama mwenye sauti nzito na subira fupi, aliandika vitabu kwenye programu ile juma zima bila kuifunga, maana aliogopa kuivuruga. Ijumaa Kobe alitumwa kumsaidia. Jioni akaifunga, kama walivyofundishwa, kisha akazima kompyuta.

Jumatatu mkutubi aliingia chumba cha klabu bila kubisha hodi.

"Yuko wapi huyo mharibifu? Nimefungua, hakuna hata kitabu kimoja. Macho yameniuma juma zima kwa kazi ile. Mwanangu, nimekukosea nini?"

"Mimi niliifunga tu, mama," alisema Kobe.

"Wivu huo," mtu akanong'ona kwa sauti ya kusikika. "Alikuwa akiipinga programu ya Chiriku tangu mwanzo."

"Kobe kwa kubomoa hachelewi," mwingine akadakia, na wachache wakacheka.

Mwalimu hakucheka. "Mkono wako ndio wa mwisho kugusa ile kompyuta. Kama huna maelezo mengine, chukua mkoba wako. Kuanzia leo wewe si mwanachama, na kesho nitaonana na mzazi wako."

Chiriku aliutazama mkoba ukifungwa zipu. Adui yake alikuwa anaondoka, na yeye hakuhitaji kufanya lolote ila kukaa kimya. Kobe alisimama mlangoni, akageuka.

"Niambie kitu kimoja kabla sijaenda. Lile jekundu ulilitibu kwa dawa gani?"

Chumba kizima kikamgeukia Chiriku. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mtamu na mwepesi kama maneno yake yote. Akaumeza.

"Sikulitibu," alisema. "Niliamuru lirukwe. Kobe hakufuta kitu."

Mkutubi akavuta pumzi ndefu. "Na ulikaa hapo, ukaniacha nimwite mtoto wa watu mharibifu?"



Mwalimu alimwamuru Chiriku aifute ile amri mbele ya wote. Jekundu likarudi. "Kobe, weka mkoba chini. Nimekuhukumu bila kuchunguza, nisamehe. Sasa tafuteni sababu, nyote wawili."

Kobe aliusoma msimbo mstari kwa mstari, na safari hii hakuna aliyemharakisha. Akaona kwamba programu ikisakinishwa, ilihifadhi kumbukumbu kwenye folda ya muda, ambayo husafishwa kila programu inapofungwa. Chiriku akaandika marekebisho. Wakaendesha majaribio: kijani tupu. Wakajenga upya, wakafunga, wakafungua. Kumbukumbu zilikuwepo.

"Usidhani tumepatana," alisema Kobe.

"Sijadhani," alijibu Chiriku.

Marekebisho yakatumwa kwa watengenezaji wa programu, shule nyingine isije ikapoteza vitabu vyake. Juma lote lililofuata, wenzake walipokuwa uwanjani, Chiriku alikuwa maktaba akiandika vitabu upya, kimoja baada ya kingine. Mkutubi alimkagua bila tabasamu mpaka kitabu cha mwisho.

"Sikiliza, binti yangu," akasema hatimaye. "Kosa ukilificha halifi, linamngoja mtu mwingine alilipie, na mara nyingi anayelilipia hajakosa kitu. Ukiliona, liseme likiwa bado dogo. Haya, ifunge programu, uende nyumbani."

Chiriku akaifunga. Kisha, bila kuambiwa, akaifungua tena kuhakikisha.