Msiba Usio na Marehemu

Kila siku akitoka shule, Candida alipitia Kariakoo, dukani kwa mama yake mdogo, Elieshi, akavua viatu na kuanza kukunja khanga. Kazi hiyo angeifanya hata ukimfunga macho. Lakini Ijumaa hiyo mikono haikutulia. Alikunja, akakunjua, akachungulia barabarani, akarudi kukunja tena.

"Una nini leo, wewe? Kama umekalia siafu!" alisema Elieshi.

"Sina kitu, mamdogo."

Hana kitu? Anacho, tena kikubwa! Jumatatu ile kampuni moja ya rangi ilileta fomu shuleni. Ingewasomesha wanafunzi kumi wa darasa la saba katika sekondari ya bweni, yenye maktaba na maabara. Candida aliitaka nafasi hiyo kufa na kupona. Mama mdogo alitia sahihi bila kusoma, maana wateja walikuwa wamemsonga, akamwachia mtoto ajaze mwenyewe.

Mama yake Candida, Jacqueline, alikuwa Maskati mwaka wa tatu sasa, akifanya kazi za ndani, naye Candida akilelewa na Elieshi. "Mama yako si yuko Omani? Basi sahau," rafiki yake Wafa alimwambia. "Watasema mna hela." Wafa hakuwa na ubaya, naye alisikia tu kwa watu. Lakini maneno yale yalimkaa Candida rohoni. Mwenzenu akashika kalamu, na palipoulizwa habari za mama, akaandika: Amefariki.

Tangu hapo chakula hakikushuka wala usingizi haukuja. Alichosahau ni kwamba fomu zinapokelewa na Mwalimu Severine, na Mwalimu Severine ndiye katibu wa jumuiya ya kanisa anayosali Elieshi. Na watu wa jumuiya wakisikia msiba hawaulizi mara mbili.

Saa kumi na moja jioni hao wakaingia. Wanawake wanane, khanga viunoni, wamebeba mkeka, sukari na chupa mbili kubwa za chai. Mwalimu Severine alifuata nyuma, kichwa chini.

"Pole sana, Elieshi," alisema Mama Aaron, mwenyekiti wao. "Umefiwa na dada, halafu unakaa kimya hivi? Sisi si ndugu zako?"

"Dada? Dada yupi?"

"Jacqueline. Si amefia Maskati?"

Loo! Yowe alilopiga Elieshi liliwatoa wenye maduka ya jirani mbiombio. Alianguka juu ya marobota ya khanga, akainuka, akapiga simu Maskati. Ikaita, isipokelewe. Akapiga tena. Kimya. "Wamenificha! Dada yangu amekufa, wamenificha!"

Candida alimtazama mama mdogo akigaragara sakafuni. "Hajafa!" alipaza sauti. "Mama hajafa! Ni mimi niliyeandika!"

"Masikini, mtoto amechanganyikiwa," alisema Mama Aaron. "Mpeni maji."

Candida akalia, akaapa, hakuna aliyemsikiliza. Wengine wakaanza kutandika mkeka. Hapo ndipo simu ilipoita, na kwenye kioo ikatokea sura ya Jacqueline, jasho usoni, taulo begani.

"Samahani, nilikuwa jikoni. Jamani, mbona mkeka? Nani amefariki?"

Elieshi alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja.

"Ni wewe, mama," Candida alisema kwa kwikwi. "Nimeandika kwenye fomu kwamba umekufa. Niliogopa nitakosa ufadhili."

Jacqueline alivuta taulo begani, akajifuta uso. "Mwanangu, nimekuja huku kwa ajili yako. Nawe umenizika?"

Jumatatu asubuhi Mwalimu Severine aliwapeleka Candida na Elieshi kwenye ofisi ya kampuni, Posta. Waliamkiana na Bi Sabaha, msimamizi wa ufadhili, kisha Candida akaeleza yote akiwa amesimama.

"Na mama anafanya kazi gani?" aliuliza Bi Sabaha.

"Kazi za ndani, shangazi. Maskati." Safari hii hakuinamisha uso.

"Sasa hapo kuna aibu gani? Watoto wenye wazazi walio mbali kikazi tunawachukua kila mwaka. Ambao hatuwachukui ni waongo, na wiki hii tunapita majumbani kuhakikisha. Umetuwahi kwa kusema mwenyewe, ndiyo salama yako." Akampa fomu nyingine.

Wiki mbili za roho juu zikapita. Majina yalipobandikwa shuleni, Candida alikuwa wa kumi, wa mwisho kabisa. Alikimbia hadi dukani, akampigia mama yake.

"Nimefurahi, mwanangu," alisema Jacqueline. "Lakini nisikilize. Kazi yangu ni halali, usiifiche tena. Ukitaka kitu, kiombe kwa ukweli, maana uongo wako ulimlaza mdogo wangu sakafuni akinililia nikiwa hai. Hata ungekosa nafasi hiyo, ningependa uikose ukiwa na mama."